Jinsi ya Kujipima na Watu Mashuhuri Ukiwa Umevuka Arobaini, Bila Kujipunja

Dumu la lita 20 likijazwa asali Tabora lina kilo 28 hivi. Dumu la aina ileile likijazwa mawese Kigoma lina kilo 18 na ushei. Ukiyatazama ni sawa kwa sawa. Ukiyabeba ndipo unajua. Mrina asali anayeijua kazi yake hauzi kwa lita mahali ambapo mnunuzi anakwenda kuuza kwa kilo. Akikubali, amejipunja kwa mkono wake mwenyewe.

Watu wengi wakishavuka miaka 40 hujipima kwa kutazama dumu. Mtu anasikia redioni kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa waziri mkuu wa nchi huru akiwa na miaka 39. Anatazama miaka 44 yake, genge lake na ada za watoto, anaona hajafanya kitu. Hajajua mwenzake alianzia wapi, alibebwa na nani, alianguka wapi, na yeye mwenyewe hajawahi kukaa chini akaandika aliyoyafanya. Wapo wanaosema dawa ni kutojilinganisha na mtu yeyote. Hatukubaliani nao. Kujilinganisha kunafundisha sana, ila mizani iwe moja na kila upande upimwe kikamilifu. Kazi yenyewe inachukua kama saa sita, na inakwenda vizuri ikigawanywa kwa siku tatu.

Vifaa na wakati

Tafuta kaunta buku moja, rula ya sentimita 30, penseli, kalamu ya bluu na kalamu nyekundu. Toa sandukuni vitambulisho, vyeti vya shule, barua za ajira, kadi ya chama cha ushirika, daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, karatasi za kiwanja, kadi za kliniki za watoto. Karatasi hizi ni muhimu kuliko zinavyoonekana, kwa sababu kichwa cha mtu mzima hukumbuka deni kuliko malipo. Kadi ya kliniki ya mwaka fulani itakukumbusha kwamba mwaka uleule unaouita wa kupoteza ulikuwa unalea mtoto mgonjwa na kuendesha duka.

Chagua kipindi cha utulivu. Kigoma, siku za mbalamwezi zinafaa sana kwa watu wa ziwani: dagaa hawavutwi na taa, mitumbwi imepumzika, watu wanashona nyavu. Tabora, subiri tumbaku iwe imeuzwa na madeni ya pembejeo yamekatwa. Usijipime wiki ya msiba, wiki ya matokeo ya mtihani ya mtoto, wala siku mbili tatu baada ya kukutana na mliosoma nao. Siku hizo utajikuta unakusanya ushahidi wa upande mmoja tu, na utauamini.

Andika upande wako kwanza

Mpangilio huu usiubadilishe. Ukianza kwa kusoma habari za watu mashuhuri, utakumbuka katika maisha yako yale tu yanayofanana na ya kwao, na kwa kuwa mengi hayafanani, ukurasa wako utabaki mtupu.

Gawa kurasa sita, kila mmoja na kichwa chake: kazi na ujuzi, watu uliowalea, uliowasomesha au uliowafundisha kazi, mambo ya jamii, mali, elimu, na mizigo uliyobeba. Huo wa mwisho ndio watu huusahau, nao ndio unaoeleza mingine yote. Kuuguza mzazi miaka minne, kuchukua watoto wa marehemu kaka, kulipa deni ambalo hukulikopa wewe: vyote viandikwe hapo, na miaka yake.

Kila jambo liwe na mwaka, umri wako wakati huo, na namba. "Nimesaidia watu wengi" haipimiki. "Nimefundisha wasaidizi sita, wanne wana magenge yao" inapimika. Kama huna uhakika wa mwaka, andika miaka miwili inayoizunguka, usibahatishe mmoja.

Halafu waulize watu watatu: mmoja aliyekuzidi umri, mmoja wa rika lako anayeijua kazi yako, na mmoja mdogo kwako. Swali liwe lilelile kwa wote. Kwa mfano: "Shikamoo mzee. Naomba unitajie jambo moja ambalo bila mimi lisingefanyika, na jambo moja ulilotegemea nilifanye mpaka leo sijalifanya." Sehemu ya pili inauma kuiuliza, lakini ndiyo yenye faida. Andika jibu kwa maneno yake aliyoyasema, usijitetee hapo hapo. Mume au mke wako muulize mwisho, kwa kuwa anakufahamu kupita kiasi: anaweza kukuhurumia, au akatumia nafasi hiyo kukukumbusha ya juzi.

Ili hatua zinazofuata zieleweke, tuchukue mfano wa kubuni: mama wa miaka 44, anauza mawese na dagaa soko la Mwanga, Kigoma. Alianza biashara akiwa na miaka 23. Ana watoto wanne, amesomesha wadogo zake wawili hadi kidato cha nne, amefundisha wasaidizi sita, ni mweka hazina wa kikundi cha watu 25 kwa mwaka wa tisa na hesabu hazijawahi kupotea. Yeye mwenyewe aliishia kidato cha pili. Kwenye ukurasa wa mizigo ameandika miaka mitano ya kumuuguza mama yake, kati ya umri wa miaka 33 na 38.

Chagua watu sita

Ukimchukua mtu mmoja tu utapotoka, kwa sababu kila mtu mashuhuri ana kasi yake. Sita wanatosha kuonyesha kwamba kasi ni nyingi. Wachague hivi: mmoja aliyewahi mapema, mmoja aliyechelewa, wawili ambao mwanzo wao unafanana na wako, mmoja aliyepanda kisha akashuka, na mmoja aliyefanya kazi kubwa huku sifa zikienda kwa wengine. Wawe watu ambao miaka yao inajulikana na inaweza kuthibitishwa mahali pawili au zaidi, kwenye maktaba ya mkoa au intaneti. Mtu maarufu aliye hai anayejitangaza kila siku mtandaoni usimchukue. Anayoyaweka hadharani ni yale aliyochagua yaonekane, na hesabu yake bado haijafungwa.

Mama wetu wa Mwanga anaweza kuchukua hawa. Aliyewahi ni Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Aprili 1922 na kusoma Tabora. Aliyechelewa ni Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar Desemba 1948 na kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi Oktoba 2021. Wanaofanana naye kwa mwanzo ni Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mnamo 1880 na kuuza vyungu kwa kuzunguka kabla ya kuimba, na Wangari Maathai wa Kenya, aliyezaliwa Aprili 1940, aliyelea watoto watatu huku akipigania miti. Aliyepanda akashuka ni David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti aliyezaliwa Machi 1813, ambaye Ujiji wanamfahamu vizuri. Na aliyebeba wengine ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyezaliwa mnamo 1820, akauzwa utumwani utotoni, akapelekwa India, akarudi Afrika akiwa huru, akaongoza misafara ya wapelelezi wa Kizungu: ya Burton na Speke, ya Stanley, kisha ya Cameron iliyovuka bara kutoka pwani hadi pwani.

Hesabu ya umri, na kosa linaloonekana dogo

Chukua mwaka wa tukio, toa mwaka wa kuzaliwa. Halafu tazama mwezi: kama tukio limetangulia siku ya kuzaliwa, punguza mwaka mmoja. Mkutano wa TANU wa Tabora, ule uliokubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ulifanyika Januari 1958. Ukitoa 1922 unapata 36, lakini Mwalimu alizaliwa Aprili, kwa hiyo alikuwa na miaka 35. Azimio la Arusha, Februari 1967, unapata 45, kumbe alikuwa na 44. Gurnah na Nobel yake ni vivyo hivyo: 73 ya haraka haraka, 72 ya kweli. Ukiacha kupunguza kwa mashuhuri na ukapunguza kwako, au kinyume chake, umeshachanganya vipimo viwili.

Kwa watu wa zamani ambao mwaka wa kuzaliwa ni wa kukadiria, andika "kama" mbele ya umri na uache nafasi ya miaka miwili mitatu kila upande. Siti, Bombay na Mtemi Mirambo wa Urambo, tutakayemtaja mbele, wamo kundi hili. Tarehe zikigongana, andika zote. Hata siku ambayo Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871 ina mgogoro: Stanley aliandika 10 Novemba, hesabu nyingine zinarudi hadi mwisho wa Oktoba. Kwa kazi yetu haibadilishi umri, Livingstone alikuwa na 58 tu, ila inafundisha kutoshikilia tarehe kama msumari.

Kuna umri wa pili wa kuhesabu, na huo ndio wenye uzito zaidi: umri wa kazi. Hesabu tangu mtu alipoanza shughuli yenyewe. Gurnah alianza kuandika akiwa na miaka 21, riwaya yake ya kwanza ikatoka 1987 akiwa na 38, yaani mwaka wa 17 wa kazi. Kutoka riwaya hiyo hadi Nobel kukapita miaka 34 mingine. Siti aliingia mjini Zanzibar 1911 na kurekodi sahani za santuri katika mji wa Bombay, India, 1928, miaka 17 vilevile, naye akiwa na umri wa kama 48. Maathai alianzisha harakati za kupanda miti 1977, Nobel ya amani ikaja 2004, mwaka wa 27. Mama wa Mwanga yuko mwaka wa 21 wa kazi. Maathai katika mwaka wake wa 21, yaani 1998, alikuwa katikati ya vita vya kuokoa msitu wa Karura, Nairobi, na mwanzoni mwa 1999 alipigwa akaumizwa hukohuko. Nobel ilikuwa bado haijaja.

Chora mistari

Geuza kaunta buku lilale kwa urefu. Kila mwaka mmoja upewe milimita 3. Miaka 80 inakuwa sentimita 24, inaenea vizuri kwenye ukurasa. Chora mistari saba, mmoja chini ya mwingine, wa kwako uwe wa katikati ili usiwe unatazama watu juu yako tu. Weka alama za bluu kwa mafanikio na nyekundu kwa maanguko, hasara na gharama, kila moja mahali pa umri wake. Kisha shusha mstari wa penseli wima kwenye umri wako. Kwa miaka 44 ni sentimita 13.2 kutoka mwanzo.

Sasa funika kwa karatasi kila kilicho kulia kwa penseli, kwa watu wote. Hatua hii ndiyo inayobadilisha hesabu, kwa hiyo usiiruke. Watu hujilinganisha na sifa ya mwisho ya mtu, si na hali yake katika umri ule. Ukifunika upande wa kulia, haya ndiyo yanayobaki kwa miaka 44.

Mwalimu ametangaza Azimio la Arusha, na nyuma yake kuna uhuru, urais, na tafsiri ya Julius Caesar iliyochapishwa 1963. Alama nyekundu iko pale pale karibu: uasi wa jeshi wa Januari 1964, alipolazimika kuomba msaada wa askari wa Uingereza. Gurnah ana riwaya tatu ambazo wachache wamezisoma. Ile iliyoingia orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker itatoka mwaka unaofuata. Siti anaimba mjini, hajarekodi hata sahani moja. Maathai ana miaka saba ya harakati, na alama nyekundu ya ndoa iliyovunjika mahakamani 1979. Bombay amefika Ujiji na Burton na Speke, amekwenda na Speke na Grant hadi Mto Nile, na jina lake limo ndani ya vitabu vya watu wengine. Livingstone, katika umri huo, yuko juu kuliko wote sita: ameshavuka bara hadi Quelimane, pwani ya Msumbiji, na kitabu chake kimetoka Novemba 1857 kikimpa umaarufu na fedha.

Ondoa karatasi pole pole kwenye mstari wa Livingstone. Miaka 45 hadi 51: safari ya Zambezi inakwenda vibaya, mke wake anafia huko 1862, serikali ya Uingereza inaiita safari irudi. Miaka 58: anarudi Ujiji mgonjwa na kukuta mali alizotumiwa zimeshauzwa na aliyekabidhiwa. Miaka 59: yupo Kwihara, nje kidogo ya Tabora, anasubiri wapagazi miezi kadhaa. Miaka 60: anafariki akiwa bado anatafuta chanzo cha Nile kwenye maji ambayo kwa kweli yanakwenda Mto Kongo. Aliyejipima naye akiwa na 44 angejiona mnyonge. Aliyejipima naye akiwa na 58 angemwonea huruma. Ni mtu yuleyule, na mizani ni ileile.

Kwa hiyo tazama pia upande wa pili wa penseli kwa kila mtu, ila baada ya kufunika kwanza. Mandela alikamatwa Agosti 1962, wiki chache baada ya kutimiza 44. Alitoka ana 71, akawa rais ana 75. Mirambo wa Urambo alifariki Desemba 1884 akiwa na kama 44, na dola aliyoijenga ikaanza kumeguka. Umri mmoja, kwa mmoja ni lango la gereza, kwa mwingine ni kaburi, kwa Siti ni kabla ya wimbo wa kwanza kwenye santuri.

Toa uzito wa chombo

Muuza dagaa anayepima kwa ndoo hutoa kwanza uzito wa ndoo. Fanya hivyo kwa kila mstari: andika chini yake nini kilimbeba mtu huyo ambacho hakukitengeneza mwenyewe.

Mwalimu alipata nafasi Tabora miaka ambayo shule za sekondari kwa Waafrika zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, akapata ufadhili hadi Edinburgh, na TANU ya 1954 ilijengwa juu ya chama kilichokuwepo tangu 1929, chenye matawi na watu waliotangulia kukitunza. Livingstone alivuka bara kwa watu na pembe za ndovu za mtawala Sekeletu wa Wakololo.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa jirani zetu wa Gombe. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alishuka ufukweni pale 14 Julai 1960 akiwa na miaka 26, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameona sokwe wakitumia vijiti kuvua mchwa. Wengi huishia hapo: msichana wa miaka 26, msituni, peke yake. Hakuwa peke yake. Louis Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyemtuma, alikuwa ametafuta fedha za miezi sita. Wakubwa wa serikali ya kikoloni hawakukubali akae bila mwenzi, kwa hiyo mama yake, Vanne, alikuja naye, na kule kambini akafungua kibanda cha kuwapa dawa wavuvi, jambo lililowafanya wenyeji wawapokee vizuri. Alikuwepo mpishi, Dominic. Walikuwepo wenyeji waliozijua njia. Ukimweka Jane na hao wote upande mmoja wa mizani, na wewe peke yako upande wa pili, umepima ndoo pamoja na dagaa.

Lakini toa na uzito wa ndoo yako. Nyumba ya urithi, mtaji wa kwanza uliopewa na shangazi, mshahara wa mume uliolipa kodi ya meza sokoni miaka ya mwanzo: viandike. Wanaoruka sehemu hii huwa wanafurahia matokeo kwa wiki moja, kisha hayawasaidii kitu.

Halafu kuna gharama, zile alama nyekundu. Usizihurumie kwa sababu mtu ni mpendwa. Serikali za mitaa zilivunjwa 1972 na vyama vikuu vya ushirika 1976, na baadaye Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba lilikuwa kosa. Wakulima wa Tabora wanajua kosa hilo liligharimu nini. Kuliandika hakumpunguzii heshima. Kunakufundisha kwamba mstari wenye nyekundu bado unaweza kuwa mstari mkubwa, na wa kwako pia.

Kosa kubwa kuliko yote: mtu wa viraka

Hili linawaangusha hata waliofuata hatua zote. Mtu anachukua uongozi wa Nyerere, kalamu ya Gurnah, ujasiri wa Maathai, fedha za tajiri fulani wa magazetini, na ndoa tulivu ya jirani, anavishona pamoja, kisha anajilinganisha na huyo. Mtu huyo hajawahi kuzaliwa. Aliyekuwa na kalamu alikaa miongo mingi bila kujulikana. Aliyekuwa na ujasiri alilipa kwa ndoa na kwa mwili.

Utamtambua mtu wa viraka kwa neno "tena". "Alikuwa kiongozi, tena tajiri, tena mcha Mungu, tena watoto wake wote wamesoma." Ukijisikia unasema hivyo, rudi kwenye mistari, weka kidole kwenye mmoja tu, na ukubali kuchukua maisha yote ya mtu huyo, bluu na nyekundu. Kama usingekubali kubadilishana naye nzima nzima, huna sababu ya kukichukua kipande.

Kusoma tofauti

Sasa orodhesha mapengo, yaani mambo ambayo wao walikuwa nayo katika umri wako na wewe huna, na ambayo kweli unayataka. Kwa kawaida hubaki manne au matano. Kila pengo lipe herufi moja.

W ni wakati: kazi imeanza, haijaiva. Chukua umri wa kazi wa mashuhuri aliye karibu. Kama wewe uko mwaka wa 8 na yeye aliona matunda mwaka wa 17, ni W. C ni chaguo: ulikuwa na njia mbili ukaacha moja kwa kujua. K ni kikwazo. U ni uzembe.

C na K ndizo zinazodanganya. Chaguo la kweli lina kitu kilichopatikana badala yake, na unaweza kukionyesha kwenye ukurasa wako. Kama huwezi, halikuwa chaguo. Kwa kikwazo uliza maswali mawili: je, kingemzuia mtu mwingine yeyote mwenye nafasi kama yangu, na je, bado kipo? Swali la pili ni gumu. Mama wa Mwanga anaandika K mbele ya elimu, kwa sababu ya kuuguza mama yake. Miaka 33 hadi 38 ni K halali. Lakini sasa ana 44. Miaka sita tangu kikwazo kiondoke, miaka hiyo sita inabadilika kuwa U, hata kama inauma kuiandika. Mapengo mengi ya watu wa umri huu yako hivi: kikwazo kilikuwa cha kweli, kikaondoka, na mwenyewe hakusikia mlango ukifunguka.

W ivumilie. C iheshimu, acha kuilalamikia. K iliyopo itafutie njia au msaidizi. U ndiyo ya kupangia kazi, na ichukue moja tu.

Mpango wa U moja

Mtumishi wa umma anastaafu kwa hiari akiwa na 55 na kwa lazima akiwa na 60. Mfanyabiashara na mvuvi hawana tarehe hiyo, lakini tumia 60 kama alama, upate hesabu. Kutoka 44 ni miaka 16. Saa 5 kwa wiki, kwa wiki 50, ni saa 250 kwa mwaka; kwa miaka 16 ni saa 4,000. Ukigawa kwa siku ya kazi ya saa 8, unazo siku 500 kamili za kazi. Siku 500 zinatosha mambo mengi makubwa, ila hazitoshi mambo matatu.

Kwa mama wetu: anajiandikisha kwa mtihani wa maarifa, ule wa QT, akifaulu anakaa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Saa tano zinapatikana mbili jioni za kati ya wiki na tatu Jumapili mchana, na genge linaachwa kwa msaidizi wake mkubwa, ambaye kwa mujibu wa ukurasa wake mwenyewe anaweza. Akianza sasa, cheti kinaweza kupatikana kabla ya miaka 48, umri wa kama ule aliokuwa nao Siti alipopanda meli kwenda Bombay kurekodi.

Andika U yako, siku na saa za wiki, na tarehe siku 90 mbele ya kukagua. Siku hiyo hesabu saa tu, usihesabu mafanikio. Bado ni mapema. Kama umefikisha saa 40 kati ya zile 65 za miezi mitatu, endelea. Chini ya hapo, punguza saa za wiki hadi kiasi unachoweza kushika, usibadilishe jambo lenyewe.

Ukiona kujipima kumekuachia uzito usioondoka, usingizi hauji au hamu ya kula imekwisha kwa wiki mbili mfululizo, funga daftari uende hospitali ya mkoa, Kitete kwa Tabora au Maweni kwa Kigoma, ueleze hivyo hivyo. Usisubiri umalize hatua zote.

Kazi hii irudiwe baada ya miaka mitatu. Kila mwaka ni mapema mno, mstari unasogea milimita 3 tu. Ukirudia, badilisha wawili kati ya sita, kwa sababu ukikaa na walewale utaanza kuwazoea kama majirani. Kurasa zako sita usizianze upya. Ongeza chini ya zile za mwanzo kwa kalamu ileile, na tarehe, kisha rudisha daftari sandukuni pamoja na kadi za kliniki.